Kiwiko Nyuma ya Pazia

Kila anayeingia karakanani kwangu siku hizi haulizi kabati lake limefikia wapi. Anautazama mkono wangu wa kulia, anacheka kidogo, kisha anasema, "Ee, Baba Lusajo, hebu tupe ya Iringa." Nimesimulia mpaka nimechoka. Na kila ninaposimulia, jirani yangu Mwasaga wa duka la rangi hudakia katikati na kuongeza ya kwake, wakati yeye safari hiyo hakutoka hata nje ya Mbalizi. Kwa hiyo nimeandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi akae kwenye benchi asome, nami nipumzishe mdomo.

Mbalizi: maombi na mkungu wa ndizi

Mnajua kilichonipeleka. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimenigomea kwa zaidi ya mwaka, upande wa nje, pale kano la msuli linaposhikana na mfupa. Kilianza kama uchovu wa kazi, nikakidharau. Kikaja kuwa moto. Randa ikawa haishikiki, msumeno ndio usiseme, na mwisho hata kikombe cha chai nilikuwa nakinyanyua kwa mkono wa kushoto. Nilichomwa sindano, maumivu yakalala, yakaamka. Mke wangu alinikanda kwa maji ya moto mpaka ngozi ikabadilika rangi. Kuna mtu aliniletea mafuta ambayo hata paka wetu aliyakimbia.

Ambalo hamkulijua ni kwamba nilishaamua. Mkono ukikataa, nafunga karakana. Fundi asiyeshika randa ni mtu mwenye banda la mbao tu, na mbao hazimwamkii mtu. Nilimwambia mke wangu peke yake, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukaniogopesha kuliko ugonjwa wenyewe.

Ndipo mwanangu Lusajo, anayeendesha malori ya kwenda Kongo, akapiga simu. Alisema kliniki anayofanya kazi mke wake kule Iringa ina mashine ya mawimbi ya mshtuko. Inagonga pale penye kano bovu, inagonga na kugonga, mpaka mwili unazinduka na kuanza kujitengeneza upya. "Baba, wewe nenda," akasema. "Madereva wenzangu wametibiwa mabega pale."

Hapa wasio Wanyakyusa wanisikilize kidogo. Kwetu, baba na mke wa mwanawe, ambaye tunamwita mkamwana, hawatazamani. Hawapishani mlangoni, hawali pamoja, hawatajani majina, hawasemezani. Si ugomvi, ni heshima. Nyumba nyingi zimeshaacha, na kanisani hakuna anayekuuliza. Lakini Mama Lusajo alilelewa hivyo, na mkamwana wetu, ingawa ni Mhehe wa Iringa, alifundishwa akafundishika kuliko waliozaliwa nayo. Tangu harusi nilikuwa nimemwona kisogo mara chache, na viatu. Habari zake zote zilinifikia kupitia kwa mke wangu.

Kuhusu kazi yake, mke wangu aliwahi kuniambia, "Anawafanyisha watu mazoezi hospitalini." Nikaelewa kuwa ni mwalimu wa michezo. Nikawa natamba mitaani kwamba mkamwana wangu anafundisha netiboli. Sikujiuliza hata siku moja hospitali ina timu gani.

Mpango ulipangwa kwa heshima zote. Lusajo alimwambia mama yake, mama yake akaniambia mimi: nitatibiwa na mtaalamu mmoja mwanamume, Fadhili, na siku hiyo mkamwana hatakanyaga kliniki. Kazi yangu ilikuwa kufika kabla ya jioni, basi.

Mbalizi nzima ikajua naenda kupigwa mawimbi. Mwasaga akawaambia watu ni shoti ya umeme. Mzee wa kanisa akaja nyumbani kuniombea, akaomba kwa muda mrefu sana, na katikati ya maombi nikasikia anamkabidhi Mungu wajane wa ulimwengu huu. Nilifumbua jicho moja kumtazama mke wangu. Alikuwa anaitikia amina.

Alfajiri ya safari nikakuta mlangoni mkungu mzima wa ndizi, mchele wa Kyela na maparachichi kwenye kiroba. "Huwezi kwenda mji wa mkamwana mikono mitupu," akasema Mama Lusajo.

"Mama, mimi ni mgonjwa wa mkono."

"Mmoja. Mwingine mzima."

Nikapanda bajaji kwenda stendi, mkungu ukiwa umekaa kwenye kiti nami nimekaa chini yake.

Uyole hadi Makambako: ninapata kiharusi

Basi liliondoka vizuri. Uyole baridi, wauza viazi wamejifunga kanga hadi puani, milima imejaa ukungu. Tuliposhuka kuelekea Igurusi joto likaingia, watu wakaanza kuvua masweta na kufungua vyakula. Hapo ndipo mambo yakaniharibikia.

Pembeni yangu aliketi mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, Msangu, mwili wake mkubwa na sauti yake kubwa kuliko mwili. Aliniona nikifungua mfuko wa karanga kwa meno huku mkono wa kulia umelala mapajani. Akanitazama kwa huruma.

"Pole, baba. Ulikupata lini?"

Nikadhani anauliza kiwiko. "Mwaka umepita, mama."

"Na mdomo haukupinda? Mungu mkubwa! Mdogo wangu ulimpinda mpaka huku." Akaonyesha sikioni. Kisha akamgeukia kondakta na kutangaza, "Kaka, mwambie dereva aende taratibu kwenye matuta, tuna mzee wa kiharusi hapa!"

Nilijaribu kukanusha. Jamani, jaribuni nyinyi kukanusha kiharusi ndani ya basi. Kadiri nilivyosema ni kiwiko tu, ndivyo walivyotikisa vichwa, maana mgonjwa hukataa ugonjwa wake. Yule mama akachukua karanga zangu. "Zina chumvi. Mwenye ugonjwa huu chumvi ni sumu." Tulipofika Chimala wauzaji wakajaa madirishani, nikanunua kuku wa kukaanga. Akamchukua pia, akamla yeye, kwa upendo. Mimi nikapewa tikiti maji.

Kila alipopanda abiria mpya alielezwa habari zangu. Baba mmoja alinisaidia kushuka kwenda kujisaidia Igawa, akanisubiri, akataka kunifunga zipu. Nilimwambia nitaweza.

Yule mama alishukia Makambako. Kabla ya kushuka aliishika mikono yangu yote miwili, akasema, "Utapona baba, usikate tamaa," na machozi yalikuwa yanamlenga kabisa. Nilimpenda ghafla, pamoja na kuku wangu tumboni mwake. Nikamwambia asante, na nikamaanisha.

Nyololo: nyundo

Tulikuwa tumeshaipita Makambako, misitu ya misonobari imeanza, nami najihesabia kwamba tutafika mapema, basi likatoa mlio, likapunguza mwendo, likajisukuma hadi Nyololo na kuzimika kando ya barabara. Mkanda wa injini umekatika. Kondakta akapanda bodaboda kwenda kutafuta mwingine Mafinga.

Mvua ya rasharasha, baridi ile ya Mufindi inayopita kwenye vifungo vya shati. Tulijisogeza kwenye kibanda cha mama muuza mahindi ya kuchemsha. Aliona umati unakuja akaongeza kuni bila kusema neno. Nilikula mahindi yenye chumvi tele mbele ya watu wote, na baadhi yao wakanitazama kama mtu anayejiua.

Njaa ya watoto haina subira. Kulikuwa na kina mama wenye watoto, na mkungu wangu kule juu ya basi ulikuwa umeanza kuiva upande mmoja kwa joto la Chimala. Nikasema ushushwe. Ndizi za mkamwana zikaliwa Nyololo, na mimi ndiye niliyezigawa. Nilijua nitaulizwa nyumbani, lakini nilifurahi pia.

Kondakta aliporudi na mkanda, dereva akataka kigingi kiwekwe nyuma ya tairi kwa sababu pale pana mteremko. Wakaokota kipande cha mti kisicho na umbo. Mimi na mbao, mnanijua. Nikasema leteni panga na nyundo, hicho kigingi kinataka kuchongwa mdomo ndipo kipigwe kiingie. Dereva akanipa nyundo kwa heshima. Nikainyanyua kwa mkono wa kulia, kwa mazoea tu, kiwiko kikanichoma hadi kwenye meno, nyundo ikanidondoka miguuni pa watu.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma. Wakaniambia, "Pumzika, mzee," na yule baba wa Igawa akaiokota, akakipiga kigingi vibaya, kikaingia hivyohivyo. Nikarudi kibandani kwa mama wa mahindi. Nilikaa pale natazama mikono ya watu wanaofanya kazi, na nilisikia wivu, kusema kweli. Nilijua hapo kwamba kama Iringa haitanisaidia, nitakuwa mtu wa kuambiwa pumzika mpaka nife.

Basi liliwaka jua likizama. Ahadi yangu na Fadhili ikawa imepita.

Iringa: chakula cha asiyejulikana

Tulipanda ule mlima wa kuingia mjini giza limeshashuka, taa za Iringa ziko juu yetu. Nikaenda hosteli ya kanisa, maana nyumbani kwa Lusajo ni mwiko na yeye mwenyewe alikuwa njiani kuelekea Zambia. Sijavua hata koti, mlango ukagongwa. Dereva wa bodaboda, ameshika hotipoti na chupa ya chai.

"Baba yake Lusajo?"

"Ndiye."

"Chakula chako."

"Umetumwa na nani?"

Akafikiri. "Nimeambiwa nisiseme."

Nilifungua. Ugali wa moto, kuku wa kienyeji, mboga ya majani ya maboga na pilipili imewekwa pembeni kwenye kikaratasi, maana mtu fulani alikuwa amemuuliza mke wangu kama nakula pilipili. Nililamba vidole. Nikamwambia yule kijana, "Mwambie huyo usiyemjua kwamba amepika vizuri." Akasema atafikisha.

Kliniki: kila mtu na ukuta wake

Asubuhi nikaenda kliniki kuomba radhi kwa kuchelewa. Dada wa mapokezi alikuwa mchangamfu. "Fadhili alikungoja sana jana, baba. Leo ameondoka kwenda Dodoma kwenye mafunzo, harudi mpaka mwezi ujao." Nikaanza kugeuka niondoke. "Lakini usihofu," akaendelea, "yule mwenzake yupo, na mashine anaijua kuliko hata Fadhili. Alipaswa kupumzika jana, leo karudi." Akainua sauti kuelekea ndani, akaita jina ambalo mimi silitaji.

Mlango ukafunguliwa. Nikaona viatu. Nikavijua.

Nadhani yeye aliniona uso. Nilisikia pumzi ikikatika, kitu kikaanguka, na viatu vile vikageuka na kutimka kurudi ndani. Mimi nami nilishageukia ukutani. Nilibaki nimesimama nasoma bango la kunawa mikono kwa makini makubwa, huku kichwani netiboli yote inaporomoka. Kumbe mazoezi ni haya! Kumbe mtaalamu ndiye huyu!

"Mtaalamu amekimbia," akasema dada wa mapokezi, hana la kufanya.

Kwenye benchi alikuwa ameketi mgonjwa mmoja, mama mtu mzima wa Kihehe, kiatu kimoja amekivua. Nilikuja kumjua kwa jina la Mama Kindole. Kisigino chake kilikuwa kinatibiwa kwa mashine hiyohiyo, na alikuwa mtu wa kutaka kujua.

"Kamwene, baba," akanisalimu kwa Kihehe. "Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Ni mke wa mwanangu, mama."

"Ndiyo akimbie?"

Nikamweleza nikiwa bado nautazama ukuta. Alinisikiliza hadi mwisho. "Sasa hapo tatizo liko wapi?" akasema. "Ni kuonana ndiko kubaya, au ni mkono kupona?"

"Kuonana. Na kusemezana."

"Mkono je, una macho? Kiwiko kina mdomo?"

Akainuka, akachechemea mpaka ndani, nikasikia wananong'ona kwa Kihehe kwa muda mrefu. Mama Kindole akatoka ameridhika. "Njoo. Kuna pazia."

Pazia

Chumba kilikuwa na kitanda na pazia la kijani linalokigawa katikati. Niliwekwa kwenye kigoda upande huu. Mama Kindole akanikunja shati, akanishika mkono, akaupitisha kwenye upenyo wa pazia kama mtu anayeingiza mti tanurini. Upande wa pili ukapokelewa na kulazwa juu ya taulo.

"Amevaa glavu," akanitangazia Mama Kindole, "kwa hiyo hajakugusa."

Yeye akaketi katikati, pua upande mmoja na kisogo upande mwingine, akawa mkalimani wa watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa.

"Mama, naomba umuulize baba panauma wapi nikibonyeza."

"Anauliza panauma wapi."

"Mwambie hapohapo."

"Anasema hapohapo."

Nikapakwa kitu cha baridi, chepesi kama uji. Kisha mkamwana akamweleza Mama Kindole, na Mama Kindole akanieleza mimi, kwamba ataanza na nguvu kidogo na kupandisha taratibu. Mimi nitaje maumivu kwa namba, sufuri hadi kumi, na namba hiyo ndiyo itakayomwongoza. Ikizidi saba, anashusha.

Mashine ikaanza. Si umeme, Mwasaga, sikia na wewe. Ni hewa inasukuma kiini kidogo cha chuma, kinagonga, taka-taka-taka, kama fundi anapigilia misumari ya dari. Mwanzo niliona ni mchezo. Halafu akaipata ile sehemu yenyewe. Mungu wangu! Niliona kijani cha pazia kinageuka njano.

"Anauliza namba."

Sasa nyinyi fikirini. Mkwe, mtu mzima, nalia mbele ya mkamwana? Nianze kumtajia udhaifu wangu kwa hesabu? Nikakaza sauti. "Mwambie tatu."

"Anasema tatu."

Akapandisha, bila shaka. Angefanyaje? Mimi ndiye niliyesema tatu. Jasho likaanza kunitiririka mgongoni.

"Namba?"

"Tatu na nusu."

Mama Kindole alikuwa ananiona uso. Alifungua mdomo, nikamkazia macho, akaufunga. Mashine ikaendelea, na mimi nikawa naimba wimbo wa kanisa kimoyomoyo, beti zote. Ghafla ikazimwa.

Kisha ikasikika sauti upande wa pili, ya chini, haikuelekezwa kwangu lakini haikuwa ya mtu mwingine.

"Mama, mwambie baba kwamba mkono wake unaruka. Vidole vimekunjamana. Mkono unaniambia tisa na yeye ananiambia tatu. Mimi siwezi kumtibu mtu nisiyejua anavyojisikia, nitamwumiza zaidi. Namheshimu sana. Kama hawezi kuniambia, bora asubiri Fadhili, hata kama ni mwezi."

Mama Kindole hakutafsiri. Alinitazama tu.

Nilikaa pale na mkono wangu ukiwa upande wa pili. Nilijua nikisubiri mwezi nitarudi Mbalizi, na nikirudi Mbalizi sitatoka tena. Nilijua pia kwamba ninachokilinda si heshima yake, ni ubwana wangu. Na kwetu, mwiko huu anaweza kuulegeza baba mkwe peke yake. Mkamwana hana ruhusa hiyo, hata awe amesoma vipi.

"Tisa," nikasema.

Mama Kindole akageukia pazia. "Anasema—"

"Nimesikia," ikasema sauti.

"Na ile ya kwanza ilikuwa saba," nikaongeza, kwa sababu nikianza kusema ukweli siachi. "Unisamehe, mwanangu."

Nikasikia upande wa pili anabonyeza kitu kwenye mashine. Halafu akasema, "Pole, baba. Napunguza." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu aolewe. Mama Kindole akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema sasa kazi yake imekwisha na kisigino chake kinamsubiri yeye.

Wiki za Iringa

Tiba hii hairudiwi kila siku, inangoja wiki ipite. Nikabaki hosteli, nikawa mwenyeji wa Iringa, nikajua ni mama gani sokoni anapima karanga kwa haki. Hotipoti iliendelea kuja na yule dereva akaendelea kutosema. Kila wiki niliingiza mkono wangu kwenye upenyo na kutaja namba zangu bila aibu. Nane. Sita. Wiki moja nilisema nne, nikashangaa mwenyewe, maana ilikuwa nne ya kweli.

Kati ya namba, tukaanza kuongea. Aliuliza randa ninaishikaje, nikamweleza, akasema naibana kama nataka kuiua. Alinikataza vidonge vya maumivu, kwa sababu kule kuvimba kidogo ndiko kunakofanya kazi ya kuponya. Niliuliza baba yake anaendeleaje. Aliniambia Lusajo anakoroma, nikamwambia hilo amelitoa kwa mama yake, na nikamsikia akicheka kwa mara ya kwanza. Sura yake sikuijua bado.

Siku ya mwisho Mama Kindole hakuwepo, kisigino chake kilishamruhusu kurudi shambani Tanangozi. Mkamwana akanipitishia chupa ya maji iliyojaa. "Baba, mashine ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni zoezi hili. Laza mkono mezani, kiganja chini, shika chupa, uishushe polepole kwa kifundo cha mkono."

Nikaishusha.

"Hapana, baba. Umeiangusha."

"Nimeishusha ulivyosema."

"Nasikia maji yanapiga kelele. Ukiishusha sawa hayatalia."

Nikarudia. Maji yakalia. Nikarudia tena, nikageuza kiganja, nikainua bega, nikafanya kila kitu isipokuwa kile alichotaka. Alieleza kwa maneno mengine. Sikuelewa. Mimi ni mtu wa kuonyeshwa. Hata useremala sikuufundishwa kwa mdomo.

Akachoka, nilisikia anaketi. "Ukienda nyumbani ukalifanya hivyo, baba," akasema taratibu, "miezi michache tu utakuwa pale ulipoanzia. Na mimi sioni unakosea wapi. Naogopa."

Nami niliogopa. Nilimfikiria Mama Lusajo, nikamfikiria marehemu mama yangu. Kisha nikainuka kwenye kigoda, nikalishika pazia. Vishikizo vyake vilikuwa vimekaza kwenye bomba, nikalivuta kwa nguvu, likafunguka lote.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, amevaa miwani, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Tukatazamana. Nilitaka kusema neno la maana, la kizee, nikalikosa, nikasema, "Kamwene, mwanangu."

Hakunijibu salamu. Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye mkono wangu, bado umeshika kitambaa.

"Baba," akasema, "umelivuta kwa mkono gani?"

Nikautazama. Ulikuwa wa kulia. Tulicheka mpaka dada wa mapokezi akaja kuchungulia, na sitawaficha, machozi yalinitoka. Kisha akaketi mbele yangu, akaweka mkono wake mezani kando ya wangu, akanionyesha. Maji hayakulia.

Nyumbani

Basi la kurudi halikuharibika, kwa hiyo sina la kusimulia. Njia nzima nilikuwa napanga jinsi ya kumwambia Mama Lusajo kwamba pazia nimelifungua. Nilipanga vizuri, nikaanza na habari za hali ya hewa.

"Ameshaniambia," akanikata. "Alinipigia siku hiyohiyo, analia."

"Na wewe?"

Akaniwekea chai upande wa kulia, akakaa kunitazama nikiinywa. Nilipokiweka kikombe mezani alikiangalia muda mrefu, kisha akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia mwaka mzima.

"Krismasi wanakuja," akasema. "Meza yetu ni ya watu wanne, siku zote mkamwana amekula jikoni. Tengeneza kubwa."

Basi, wapendwa, hiyo ndiyo meza ile ya mninga mnayoikuta katikati ya karakana na kuiwekea vikombe vyenu. Nimeipiga randa mwenyewe, ubao kwa ubao, polepole. Si ya kuuza, msiniulize bei.